Wakili Akiacha Kazi, Siri za Staa Anamwachia Nani?

Kuna klipu ilizunguka mjini wiki kadhaa nyuma. Dakika mbili tu, lakini kila aliyeifungua aliituma kwa mwenzake kabla haijaisha. Kijana mtanashati, shati jeupe, maiki mbele, glasi ya juisi pembeni. Zamani alikuwa wakili. Alivaa joho, akasimama mbele ya waheshimiwa, akaitwa "wakili msomi". Siku hizi ana podikasti, ana kofia zenye jina la kipindi chake, na wafuasi wanaongezeka kwa kasi ambayo mafaili ya mezani kwake hayakuwahi kuwa nayo.

Kwenye klipu hiyo anasimulia huku akicheka: "Jina sitaji. Ila kuna dada mmoja wa Bongo Fleva, nyimbo zake mnazicheza kila wikiendi. Alikuja ofisini kwangu analia. Mnakumbuka kiwanja alichoposti kwamba anamjengea mama yake? Alishakiuza kitambo ili ajitoe kwenye mkataba wa lebo. Mama mwenyewe mpaka leo hajui, anasubiri nyumba!"

Studio nzima ikaangua kicheko. Mtandaoni ilichukua kama nusu saa. Mmoja akaleta posti ya zamani ya kiwanja, mwingine akaleta tarehe staa huyo alipotoka kwenye lebo, wa tatu akamtagi kabisa. Kufikia jioni jina lilikuwa wazi, na klipu ilikuwa inatrendi.

Watu wa karibu na familia wanasema mama aliisikia habari hiyo Tanga, kwenye kikao cha kikoba. Akina mama wenzake walikuwa na simu mkononi na hawakujua waanzie wapi. Alipompigia binti yake hakumgombeza. Aliuliza tu, "Mwanangu, hivi ni kweli?" Upande wa pili kukawa kimya. Kila mwezi mama huyo alikuwa anamlipa kijana wa kufyeka majani kwenye kiwanja ambacho si chao tena.

Sasa mjini kuna kambi mbili. Ya kwanza inasema jamaa kazingua. Ya pili, tena ndiyo yenye watu wengi, inasema: jamani, mtu ameacha kazi, jina hakutaja, shida iko wapi? Mwenyewe aliingia laivu siku iliyofuata akajibu kwa kujiamini kabisa: "Mimi siyo wakili tena. Leseni sijalipia. Nasimulia maisha yangu."

Kauli hiyo ya mwisho ndiyo ya kuangalia vizuri, kwa sababu inasikika kama ina mantiki, kumbe haina.

JOHO LINAVULIWA, SIRI HAIVULIWI

Mtu anapoajiriwa benki au kwenye duka la simu, siku anayoondoka anarudisha kitambulisho na funguo, mambo yameisha. Uwakili haujakaa hivyo. Tanzania Bara, wakili anapokelewa na Jaji Mkuu, na jina lake linaandikwa kwenye daftari la mawakili linalotunzwa na Msajili wa Mahakama Kuu. Leseni ya kila mwaka ni jambo jingine. Asipoihuisha hana ruhusa ya kufanya kazi ya uwakili mwaka huo, lakini jina lake halijafutika kwenye daftari. Kwa hiyo anayesema "sijalipia leseni, mimi siyo wakili tena" anachanganya mambo mawili. Ni sawa na dereva asiyehuisha leseni halafu akasema ajali aliyosababisha mwaka juzi haimhusu.

Na hata jina lingekuwa limefutwa kabisa, siri ingebaki palepale. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, imeliweka wazi: yale mteja aliyomwambia wakili kwa ajili ya kazi yake, na ushauri aliopewa, hayatoki bila mteja mwenyewe kuridhia waziwazi, na wajibu huo unaendelea hata baada ya kazi kwisha. Haikuishia kwa wakili peke yake. Karani wake na mkalimani nao wamebanwa humohumo. Yaani hata dada aliyekuwa anapokea wageni na kuchapa barua hana ruhusa ya kwenda kupiga umbea kibarazani.

Kuna upenyo, ndiyo. Mteja anayemtumia wakili kufanikisha uhalifu hawezi kujificha nyuma ya kinga hiyo, na wakili aliyeona utapeli ukifanyika ndani ya kazi hafungwi mdomo. Lakini huyu dada alifanya uhalifu gani? Kiwanja kilikuwa na jina lake. Alikiuza kihalali akalipa deni lake. Kosa lake ni moja tu, na wengi mjini wanalo: alimficha mama yake aibu.

Hapo ndipo hoja ya "nasimulia maisha yangu" inapovunjika. Ni kweli alikuwepo chumbani. Ni kweli masikio yalikuwa yake. Ila yule dada hakulia mbele ya mshikaji, alilia mbele ya wakili wake. Asingekuwa wakili asingemwambia. Kilichoingia masikioni kwa sababu ya joho hakiwezi kugeuka mali binafsi kwa sababu joho limetundikwa.

Sheria imeng'ang'ania hivyo kwa sababu siku mtu amekamatwa, ameachwa au ametapeliwa, lazima awepo binadamu mmoja anayeweza kuambiwa ukweli wote, ule wenye aibu na ule unaomponza. Wakili akipewa nusu ya ukweli, atatetea nusu. Wasanii wakianza kuamini kwamba kila wakili ni podikasti inayosubiri kuanza, wataanza kudanganya mawakili wao, na watakaocheka ni mameneja wenye mikataba ya kinyonyaji.

"JINA SIJATAJA" SIYO KINGA

Wale wanaojificha nyuma ya "bila kutaja jina" wakumbuke kisa cha Uingereza mwaka 2013. Mwandishi wa Harry Potter, J.K. Rowling, alitoa riwaya ya upelelezi kwa jina la bandia la Robert Galbraith. Alitaka kitabu kisomwe bila kelele za umaarufu wake. Waliojua siri hiyo walikuwa wachache, na miongoni mwao alikuwa wakili wa ofisi iliyokuwa inamhudumia.

Wakili huyo hakwenda redioni. Hakuwa na podikasti. Alimnong'oneza mtu mmoja tu, rafiki wa karibu wa mke wake, mtu aliyemwamini. Rafiki akamtumia ujumbe wa Twitter mwandishi wa gazeti, na mwezi Julai dunia nzima ikajua. Kitabu kiliuzwa balaa baada ya hapo, na wapo waliosema Rowling angeshukuru. Hakushukuru. Alisema wazi kwamba amekasirika, akaipeleka ofisi hiyo mahakamani, ikaomba radhi na kulipa fidia ambayo yeye aliielekeza kwenye hisani ya wanajeshi. Wakili mwenyewe alikaripiwa rasmi na chombo kinachosimamia mawakili wa huko, na faini ya pauni 1,000 juu.

Tazama uzito wa jambo lile. Siri haikuwa ya aibu. Ilimwingizia mwenye siri pesa. Ilisemwa kwa mtu mmoja tu, pembeni. Na bado ilihesabika kuwa kosa, kwa sababu uamuzi wa lini siri itoke ulikuwa wa Rowling, wakili hakuwa na sehemu humo.

Linganisha na klipu ya mjini. Siri ya aibu, haikumwingizia mwenye siri hata mia, imesemwa kwa maelfu ya watu, na msimuliaji amelipwa na matangazo. "Jina sijataja" ina kazi gani kama umetaja kiwanja, mama, lebo na machozi? Kwa jinsi Wabongo walivyo wapelelezi wa mtandaoni, kuacha jina na kubakiza dalili zote ni kuwapa watu fumbo lenye majibu pembeni. Na jamaa alijua, maana ndicho kilichofanya klipu itembee.

KUACHA UWAKILI SIYO DHAMBI

Lakini hapa kambi ya kwanza nayo ipunguze munkari. Kuna watu wamemsema kijana huyo kwa sababu tu ameacha "kazi ya heshima" akaenda "kupiga domo". Hiyo siyo haki.

Njia ya kuufikia uwakili ni ndefu: shahada ya sheria ya miaka mitatu au minne, halafu Law School, halafu kusubiri kupokelewa. Ukitoka hapo, wengi wanaishia kwenye kiti cha plastiki ndani ya ofisi ya mtu, wanalipwa posho inayoisha kwenye nauli. Joho linakunjwa kwenye begi, begi linabanwa kwenye daladala ya saa kumi na mbili asubuhi, ukifika mahakamani kesi inaahirishwa. Ndugu kijijini wanaamini umeshatajirika kwa sababu unaitwa msomi. Mtu wa namna hiyo akigundua ana kipaji cha kuongea na kamera inampenda, kwa nini asiende?

Waliohama wakafanikiwa wapo. John Grisham, Mmarekani ambaye riwaya zake zimegeuzwa filamu nyingi, alikuwa wakili wa kawaida tu kwenye mji mdogo wa Southaven, Mississippi, kwa takriban miaka kumi. Hadithi yake ya kwanza aliipata baada ya kusikia ushahidi wa binti wa miaka 12 mahakamani. Ila zingatia: kesi ile haikuwa yake. Binti hakuwa mteja wake. Alisikia ushahidi uliotolewa mbele ya mahakama, kisha akabuni watu na matukio yake mwenyewe juu ya hapo. Aliamka saa kumi na moja alfajiri kuandika kabla ya kwenda kazini, kwa miaka mitatu, na kitabu kikakataliwa na wachapishaji kibao. Kilipopata wa kumchapishia, nakala zilikuwa 5,000 tu. Uwakili hakuuacha kwa hasira za siku moja.

Na kuna sehemu ya maisha yake ambayo haisimuliwi sana. Mwaka 1996, akiwa tayari ni tajiri na jina lake liko kila duka la vitabu, alirudi mahakamani na suti yake kutetea familia ya mfanyakazi wa reli aliyekufa akiwa kazini. Kwa nini? Kwa sababu aliwaahidi kabla hajaacha uwakili. Akashinda, na familia ikapewa dola 683,500. Angeweza kusema "mimi siyo wakili tena". Watu wangemwelewa. Hakusema.

Kwa hiyo tatizo la kijana wa mjini siyo kwamba aliondoka. Ni mlango aliotokea, na mzigo aliobeba akiondoka.

MLANGO WA KUTOKEA

Mawakili vijana wanaofikiria kuhama ni wengi. Wapo wanaotaka kufungua ofisi zao, kwenda benki, kwenda kuwa mameneja wa wasanii, au kuingia kwenye kontenti moja kwa moja. Kila mmoja ana mpango wa hela. Wachache wana mpango wa wateja.

Jambo la kwanza ni faili. Mtu anaandika barua ya kuacha kazi Ijumaa, Jumatatu hayupo, na kesi ya bibi wa Mbagala inatajwa Jumatano. Bibi anafika mahakamani na kanga yake begani, anamtafuta wakili wake kwenye korido, hamwoni. Wakili haachi kesi kama mtu anavyoacha grupu la WhatsApp. Mteja anaambiwa mapema, mahakama inajulishwa, faili linakabidhiwa likiwa na maelezo ya limefikia wapi na tarehe inayofuata ni ipi. Mteja anachagua aendelee na nani, ofisi ya zamani, wakili anayehama au mtu mwingine kabisa. Mteja siyo kochi la kugombaniwa siku ya kuhama.

La pili ni hela. Pesa ya mteja inakaa kwenye akaunti ya wateja, mbali na pesa ya wakili. Siku ya kuondoka kila shilingi inatakiwa iwe na mwenyewe. Hapa ndipo wengi wanajikwaa, kwa sababu studio, kamera na taa vinataka mtaji, na hela ya mteja "iliyolala" inaonekana kama mkopo wa muda mfupi. Siyo mkopo. Anayetaka kuhama ajiwekee akiba yake ya miezi kadhaa kwanza, hata kama ni kwa kubana matumizi, ili siku ya kwanza ya maisha mapya njaa isimfanye aitazame siri ya mtu kama chakula.

La tatu ni simu. Zamani siri za wateja zilikaa kabatini, ukiondoka unaacha ufunguo. Leo ziko mfukoni: voisi noti za saa nane usiku, picha za mikataba, skrinshoti za mume na mchepuko. Ofisi nyingi hazina utaratibu wowote wa nini kinafutwa na nini kinakabidhiwa wakili anapoondoka, wakati nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022. Wakili aliyehama akiwa na simu ileile bado amebeba ofisi nzima. Simu ikiibiwa Kariakoo, au akimpa rafiki achague picha ya kuposti, mambo yameharibika.

La nne ni mgongano wa maslahi, na hili linawahusu sana wanaohamia kwenye burudani. Wakili aliyeiandikia lebo mkataba wa msanii, kesho akageuka meneja wa msanii huyohuyo, anajua kila tundu la mkataba ule. Msanii atamwona mkombozi, lakini lebo ilimlipa na ikamwamini. Ni kama kipa anayehamia timu pinzani wiki ya fainali na kuwaeleza penalti za wenzake zinapigwa upande gani.

La tano ni jina. "Wakili" linauza. Ukiandika kwenye ukurasa wako "Wakili Fulani" halafu unajibu maswali ya ndoa na mirathi kwenye laivu bila leseni ya mwaka huo, unawapotosha watu. Maswali ya watu siyo kontenti tu. Kuna mama atafuata ushauri huo na kukosa urithi. Mahakama ina mfumo wa mtandaoni wa e-Wakili ambako mtu anaweza kuangalia kama wakili fulani ana leseni hai, na wananchi wazoee kuutumia. Aliye na leseni naye akumbuke kwamba kujinadi mawakili wamewekewa mipaka. Biashara yao haipigiwi debe kama mtumba.

KUNA ALIYETOKA VIZURI

Ili isionekane kwamba haya ni mambo ya vitabuni, kuna dada mmoja, naye alikuwa wakili hapahapa Dar, leo ni meneja wa wasanii. Hatajwi, kwa sababu hajataka kutajwa. Waliofanya naye kazi wanasema miezi mitatu ya mwisho ofisini aliitumia kupiga simu. Mteja mmoja mmoja. "Shikamoo mzee, ni mimi wakili wako. Naondoka mwezi wa sita. Faili lako litashikwa na fulani, njoo nikutambulishe." Wengine walimlaumu, wawili walilia, mmoja alitaka pesa yake yote aliyowahi kulipa. Alikaa nao wote.

Alipoanza umeneja, msanii mkubwa wa kwanza kumfuata alikuwa amesainiwa na lebo ambayo ofisi yake ya zamani iliwahi kuihudumia, na faili lilipita mezani kwake. Ilikuwa dili ya kubadilisha maisha. Akamjibu, "Mdogo wangu, mimi kwenye hili siwezi. Tafuta mwingine, na usiniulize kwa nini." Hakueleza sababu, kwa sababu hata sababu ilikuwa ndani ya siri. Mwaka mzima baada ya hapo alisimamia wasanii wadogo wanaolipwa nauli.

Leo wasanii wanampa mikataba yao asome kabla hata hawajawaonyesha wazazi. Wanajua alishawahi kukaa na jambo lenye pesa nyingi na akafunga mdomo. Sifa hiyo hainunuliwi kwa promo.

Wapo watakaouliza: sasa unyonyaji wa lebo usisemwe? Si vizuri wasanii wachanga wajue? Usemwe sana, tena wanasheria waliohamia kwenye kontenti ndio wa kuusema, kwa sababu wanaujua. Lakini mlango wa kihalali upo. Hukumu za mahakama zetu ziko wazi kwenye mtandao wa TanzLII, zimejaa visa vya mikataba, mtu anaweza kuzichambua kipindi baada ya kipindi bila kugusa machozi ya mteja wake. Anaweza kueleza kifungu kibaya kinavyofanana bila kusema nani alikisaini. Anaweza kumwita msanii mwenyewe, kwa hiari yake, aje asimulie. Yule dada wa kiwanja pengine angekubali siku moja, akishamwambia mama yake kwanza, kwa maneno yake, wakiwa wamekaa jamvini Tanga. Nafasi hiyo ndiyo aliyoporwa. Haitarudi hata klipu ikifutwa.

Na klipu haijafutwa. Kinachotakiwa hakihitaji mjadala mrefu: aiondoe, amtafute dada yule na mama yake awaombe radhi nje ya kamera, na simu yenye mambo ya wateja ikabidhiwe kunakostahili. Asipofanya hivyo, dada ana pa kwenda. Kamati ya Mawakili inapokea malalamiko, na ina uwezo wa kumwonya wakili, kumsimamisha, hata kuamuru jina liondolewe kwenye daftari. Lile lile daftari ambalo jamaa anadhani alishatoka.

Upande wa mashabiki nao usijitoe. Ubuyu ule ulikuwa mtamu, na kila aliyeutuma mbele aliongeza kijiko cha sukari. Ila siku moja kila mmoja atakaa kwenye kiti kile mbele ya meza ya wakili, kwa talaka, kwa kiwanja, kwa kesi ya ndugu, na ataanza na sentensi ileile aliyoanza nayo yule dada: "Naomba hili libaki hapa." Mtu wa upande wa pili wa meza, leo ni wakili. Kesho anaweza kuwa mchekeshaji, mbunge au mchungaji. Kazi abadilishe anavyotaka, ila sentensi ile bado inamfunga.

Wewe una maoni gani? Jamaa afungiwe, aombe radhi yaishe, au ana haki ya kusimulia? Dondosha mawazo yako hapo chini, ila jina la dada na la mama yake tafadhali viachwe.